Maua tele, tunda hakuna: kutafuta kosa kabla ya kununua dawa

Kuanzia Juni, mikorosho inapoanza kuchanua na bustani za mabondeni zikiwa zimeshika vizuri, wanaopita kitaluni kwangu Mtwara, njia ya Mikindani, huja na swali moja lenye sura kumi: "Maua yapo, mbona hazai?" Wengine wanafika na hela ya dawa mkononi kabisa. Dawa ya kubebesha, wanaiita. Huwa nawauliza kwanza: hilo ua umelichuma ukalitazama ndani?

Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili, kama watu wanavyozileta. Kila dalili ina sababu zake, ile ninayokutana nayo mara nyingi ikitangulia. Anza na ukaguzi usio na gharama. Penye neno "Simama", simama kweli.

Kwanza ujue mmea wako ni wa aina gani

Chavua, ule unga wa ua, ikitoka kwenye stameni (sehemu dume) ikatua kwenye stigma (sehemu jike) ya ua lilelile, au ua jingine la mmea uleule, huo ni uchavushaji binafsi. Ikitoka kwenye mmea mwingine wa aina hiyo, ni uchavushaji mtambuka. Shule ya msingi tulikariri hivyo, tukapata vema, tukasahau. Shambani tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama shina moja la uani litakulisha au litakupambia ukuta tu.

Karanga, njugu mawe, kunde, choroko na nyanya zinajichavusha. Ufuta nao kwa sehemu kubwa hujichavusha, ingawa nyuki huuchanganya kidogo. Mahindi yanategemea zaidi chavua ya mimea ya jirani. Mpapai jike na pasheni ya njano haviwezi kabisa bila mwenzake.

Katikati kuna kundi linalowachanganya watu: maboga, tikiti, matango. Shina moja lina maua dume na maua jike, na chavua yake yenyewe inalifaa. Lakini chavua hiyo ni nzito na inanata, upepo hauibebi. Lazima mtu au mdudu aitoe ua hili aipeleke lile. Kwa hiyo mmea unaweza kuwa na kila kitu chake na bado ukashindwa kujichavusha. Ukilishika hilo, nusu ya maswali utajijibu mwenyewe.

Dalili: vitunda vya tikiti au boga vinafika kidole gumba, vinageuka manjano, vinaanguka

Kama hata vitunda hujaviona, yaani maua yanafunguka na kuanguka tu, pengine ni mapema mno. Maua ya mwanzo karibu yote huwa dume, kwa wiki moja hadi mbili. Tazama nyuma ya petali: ua jike limebeba kitunda kidogo chenye umbo la boga au tikiti lenyewe, ua dume limekaa kwenye kikonyo kitupu. Kama yote ni vikonyo vitupu, subiri. Na kama kuna mtu nyumbani anayachuma maua kwa mboga, mwambie abakize ya kutosha.

Vitunda vikionekana kisha vikanyauka, sababu ya kwanza ni nyuki kutofika. Ua la boga hufunguka alfajiri, na saa 5 asubuhi limeshasinyaa. Lina siku moja tu. Kaa shambani robo saa kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, bila simu, uhesabu wanaoingia kwenye maua. Ua jike la tikiti linahitaji kutembelewa kama mara nane au zaidi ili libebe tunda lililojaa. Ukikaa robo saa usione hata mmoja, umeshapata jibu.

Nyuki wamekwenda wapi? Hapa sina budi kusema langu. Miaka ya nyuma nilikuwa na tikiti bondeni, nikaona nzi wa matunda, nikapuliza dawa saa 2 asubuhi kwa sababu jua lilikuwa bado halijawa kali. Muuzaji alikuwa ameniambia ni dawa "baridi", haina neno. Saa 6 nyuki walikuwa chini ya majani, wengine miguu bado ina unga wa njano. Nzi walirudi baada ya siku chache. Nyuki hawakurudi msimu ule, na tikiti nilizovuna hazikujaza toroli. Tangu hapo, ikibidi kupuliza, napuliza jioni, maua yakiwa yamefunga.

Sababu nyingine, kwa mpangilio: mvua za asubuhi mfululizo (chavua inalowa, nyuki hawatoki), mbolea ya kukuzia iliyozidi, majani yanakuwa makubwa kama sahani na maua jike machache, na nzi wa matunda. Huyu wa mwisho anatambulika kwa kisu. Pasua kitunda kilichoanguka. Ukikuta funza ndani, tatizo si chavua, na kuchavusha kwa mkono hakutakusaidia.

Kama ni chavua, rekebisha hivi. Saa 1 asubuhi chuma ua dume lililofunguka leo. Ng'oa petali zake zote, libaki nguzo ya katikati yenye unga. Igusishe kwenye ua jike la leo, uzungushe taratibu kwenye stigma pande zote, usiache upande. Ua dume moja linatosha majike mawili au matatu. Funga uzi kwenye kikonyo ili ulikumbuke. Kitunda kikipokea, baada ya siku tatu nne utaona kimenenepa na kichwa kimeanza kuinama.

Simama: majani yakiwa na mabaka ya kijani na njano huku ncha zikijikunja, au mmea ukinyauka mchana wakati udongo una maji, huo ni ugonjwa. Piga picha, peleka kwa afisa ugani wa kata kabla hujapuliza chochote. Na aliyepuliza dawa akianza kutokwa jasho na mate mengi, kizunguzungu au mboni za macho kuwa ndogo, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji na sabuni, mkimbize hospitali na chupa ya dawa yenye lebo. Usimnyweshe maziwa ukangoja.

Dalili: tunda limepinda, limenenepa upande mmoja

Ni kosa hilohilo kwa kiwango kidogo. Chavua ilifika, lakini haikutosha au ilitua upande mmoja wa stigma. Likate: upande uliosinyaa mbegu zake ni vigozi vitupu. Ukame wa katikati ya ukuaji nao hupindisha matango, kwa hiyo angalia maji pia.

Dalili: pasheni imefunika kichanja, maua kila siku, tunda hata moja

Hii naijua kwa gharama. Nilikata vipandikizi kutoka kwenye shina moja la pasheni ya njano, lenye matunda matamu, nikajaza kichanja kizima. Misimu miwili nikawa na kivuli kizuri cha kunywea chai. Vile vipandikizi vyote vilikuwa shina moja lililogawanyika, na pasheni ya njano huikataa chavua yake yenyewe. Unga unatua kwenye stigma, mmea unautambua kuwa ni wake, haurutubishi. Siku mjomba aliponiletea miche mitatu ya mbegu kutoka Newala ndipo kichanja kilipozaa.

Basi sababu ya kwanza: shina ni moja, au yote yana asili moja. Waulize waliokupa miche. Pasheni ya zambarau haina ubishi huo, inakubali chavua yake. Ndiyo maana jirani anaweza kuwa na shina moja linazaa na wewe unayo matano hayazai.

Sababu ya pili ni mbebaji. Nyuki wa asali ni mdogo kwa ua hili. Anakusanya unga chini bila kugusa stigma zilizo juu. Anayefaa ni yule nyuki mkubwa mweusi anayevuma kama pikipiki na kutoboa matundu kwenye boriti. Watu wanamwua kwa kuwa anaharibu mapaa. Mwekee gogo kavu laini karibu na kichanja, atahamia huko.

Kabla ya kuchavusha kwa mkono, jua saa. Pasheni ya zambarau hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. Ya njano hufunguka karibu saa 6 mchana, hukaa wazi hadi usiku. Anayekwenda kwenye ya njano saa 2 asubuhi anakuta maua yamefumba, anadhani yamekufa.

Sasa litazame ua kwa karibu. Kuna vifuko vitano vya chavua vimetazama chini, na juu yake mikono mitatu yenye vichwa vya kijani: hizo ndizo stigma. Ua likifunguka tu, mikono imesimama wima. Baada ya saa moja hivi inaanza kuinama, taratibu, hadi inakaribia usawa wa vifuko. Hapo ndipo liko tayari. Paka unga kwa kidole au pamba kutoka kwenye ua la shina lenye asili tofauti, uguse vichwa vyote vitatu. Yapo maua ambayo mikono yake haiinami siku nzima. Hayo yaache, hayabebi.

Dalili: mpapai una maua mwaka mzima hauna papai

Angalia maua yameningʼinia vipi. Yakiwa mengi, membamba, kwenye kamba ndefu zinazoningʼinia, huo ni mpapai dume. Huwezi kuudai matunda. Kuupigilia msumari au kuukata kilele ili ugeuke jike ni desturi niliyoikuta tangu utoto, na sijaona mti uliogeuka kwa msumari. Kinachotokea ni kwamba mipapai dume mingine, msimu ukibadilika, hutoa yenyewe maua machache yenye jinsia zote mbili na vipapai virefu vidogo. Msumari unapewa sifa isiyo yake.

Yakiwa makubwa, moja moja, yamebana shina na yana kitumbo cha mviringo, huo ni jike. Jike likipukutisha, sababu ya kawaida ni kwamba mmekata madume yote mtaani. Acha dume moja kwa majike kumi hadi ishirini.

Ukianza upya, panda miche mitatu kila shimo, ngoja ichanue, ndipo upunguze. Au tumia mbegu za papai refu la mti wenye jinsia mbili uliojichavusha: theluthi mbili ya miche itakuwa na jinsia mbili kama mama, theluthi moja jike, dume hupati. Mti wa jinsia mbili ndio unaofaa uani pa mtu mmoja.

Dalili: mashada ya mkorosho yanakauka bila kubeba

Hapa ndipo watu wa Tandahimba, Newala na Masasi wanaponisikiliza kwa mashaka, maana kila mtu ni fundi wa korosho. Lakini nianze na jambo la kuondoa hofu: shada moja lina maua mamia, na mengi ni dume. Yenye jinsia zote mbili ni machache. Shada likikupa korosho chache tu zilizokomaa, halijakosea. Ua la korosho ukilishika vidoleni utaona stameni moja ndefu imewazidi wenzake. Hiyo ndiyo yenye kazi kubwa. Unga wake unanata, hauendi na upepo, unategemea nyuki, nzi na hata sisimizi wanaotambaa.

Shada likikauka lote, sababu ya kwanza karibu kila mara ni ubwiriunga. Unga wa kijivu unafunika machipukizi na maua machanga, mengi hayafunguki kabisa. Ua ambalo halijafunguka halichavushwi na yeyote. Salfa hufanya kazi ukiwahi, dalili za mwanzo zinapoonekana. Shada likishakauka hurudishi kitu.

Ya pili ni mbu wa mikorosho. Utaona vidonda vyeusi vilivyodidimia kwenye vikonyo na ncha za matawi. Kama shambani kuna maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, usiwachome moto. Wanauma, ndiyo, lakini wanamfukuza huyo mbu.

Ya tatu, miti imebanana. Mkorosho huchanua kwenye ncha zinazopata jua. Nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12. Mashamba ya urithi mengi matawi yameshikana, katikati ni giza, nyuki hawaingii. Pogolea baada ya mavuno. Ukosefu wa wadudu wachavushaji ninauweka wa nne, ingawa wenye dawa kali za kila wiki wanausogeza juu wenyewe.

Simama: usichanganye salfa na dawa nyingine kwa kubahatisha, na mwenye pumu asikae upande unaokwenda upepo. Kama umepuliza kwa wakati na bado mashada yanakufa, kata matawi mawili yenye dalili, yafunge kwenye karatasi, yapeleke TARI Naliendele, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo nje kidogo ya mji wa Mtwara. Utafiti wa korosho ndiyo kazi yao.

Dalili: nyanya zinapukutisha maua na kikonyo chake

Nyanya inajichavusha, kwa hiyo usitafute mwenza. Tatizo kubwa la pwani ni joto. Mchana ukipita nyuzi 32 hadi 35, au usiku usiposhuka chini ya 24 hivi, chavua inaharibika. Novemba hadi Machi ndiyo hali yetu. Panda ili ichanue Juni hadi Agosti. Baada ya joto, angalia mbolea ya kukuzia na umwagiliaji wa leo nyingi kesho hakuna. Kwenye banda lisilo na upepo, gonga kamba za kuegemezea asubuhi, unga unadondoka wenyewe.

Dalili: vidaka vya mnazi vinaanguka

Vidaka vingi kuanguka mwanzoni ni kawaida. Mnazi hubakiza unavyoweza kulea. Minazi mirefu huchavushana zaidi na jirani, kwa kuwa maua dume ya karara moja huisha kabla ya majike kuwa tayari. Mifupi mingi hujitosheleza.

Simama: nazi za rika zote zikianguka, makarara mapya yakitoka meusi, na majani ya chini yakaanza umanjano unaopanda juu, usichukue miche wala usipeleke chochote shamba jingine. Mwite afisa ugani siku hiyohiyo.

Dalili: karanga na njugu mawe ni maganda matupu

Hili si la uchavushaji, ingawa kila mtu analileta humu. Ua la karanga hujichavusha juu ya ardhi, kisha msumari wake unaingia udongoni kuzaa huko. Kama ganda lipo, chavua ilishafanya kazi. Ganda tupu kwenye mchanga wetu mara nyingi ni upungufu wa kalsiamu. Ulizia jasi, ile inayochimbwa Kilwa, iwekwe wakati wa kuchanua, lakini pima udongo kwanza.

Dalili: gunzi lina mapengo

Kila unywele wa hindi umeungana na punje moja. Unywele usiopata chavua, punje hakuna. Chavua inatoka juu, kwenye mbelewele, na inabebwa na upepo. Kwa hiyo mtu aliyepanda mstari mmoja mrefu kando ya uzio anapata mapengo, hata kama mbegu ni nzuri na mvua imenyesha. Panda mistari minne au zaidi, mifupi, iliyokaa pamoja.

Ukame wakati wa kuchanua nao huchelewesha nywele. Zinatoka wakati mbelewele zimeshamwaga. Kama una shamba dogo, saa 3 asubuhi umande ukikauka, tikisa mbelewele juu ya nywele siku tatu nne mfululizo. Pengo la ncha tu ni njaa au kiu. Pengo lililotawanyika gunzi zima ni chavua.

Dalili: mbegu niliyotunza mwaka jana imenigeuka

Mama mmoja kutoka Mtama alinilalamikia kwamba tikiti lake halina utamu kwa sababu jirani alipanda matango. Tikiti na tango hazichavushani, kwanza. Pili, hata zingechavushana, nyama ya tunda ni ya mama. Baba haonekani humo. Anaonekana kwenye mbegu, yaani kwenye mmea wa mwakani. Tikiti lisilo tamu liulize maji yaliyozidi karibu na kuvuna.

Mahindi ndiyo yanayodanganya watu, kwa kuwa punje tunayokula ndiyo mbegu yenyewe. Jirani akiwa na ya njano, yako meupe yatatoka na punje za njano mwaka huohuo.

Kwa kutunza mbegu: karanga, njugu mawe, kunde na choroko chagua shina bora, hifadhi, basi. Mbaazi ni ya jamii hiyohiyo ya mikunde lakini usiiamini; nyuki wakubwa huichanganya sana, kwa hiyo chukua mbegu katikati ya shamba, mbali na za jirani. Mahindi, tenga mita 200 kwa uchache, au achanisha siku za kupanda kwa wiki tatu hadi nne. Mahindi chotara usirudie mbegu yake.

Boga lina njia yake. Jioni tafuta ua jike na ua dume yatakayofunguka kesho. Yana ncha ya njano lakini bado yamebana. Yafunge kwa uzi yasifunguke. Asubuhi yafungue, chavusha, funga tena ua jike. Tunda hilo weka alama, ndilo la mbegu.

Simama hapa pia: boga au tango kutoka mbegu uliyotunza mwenyewe likiwa chungu ulimini, liteme ulitupe, na mbegu zake pia. Huenda lilichavushwa na ndugu yake wa porini. Uchungu ule ni sumu inayoumiza tumbo vibaya, na kuchemsha hakuuondoi.